Ini la Jirani Yako

Soma: Luka 13:1-5, Habakuki 2:15, Warumi 14:13-21.

Watu wawili wamekunywa pombe ileile kwa miaka 20. Mmoja anakufa kwa ini lililojaa makovu. Mwingine anazeeka, ini lake bado likifanya kazi. Je, wa kwanza alikuwa mwenye dhambi kuliko wa pili? Hakuna anayejibu "ndiyo" darasani, lakini msibani tunalisema kwa kunong'ona.

Ini huiondoa pombe kwa hatua mbili. Kwanza kimeng'enya kimoja huigeuza kuwa asetaldehidi, sumu inayodhuru chembe za mwili na kuchochea saratani. Kisha kimeng'enya cha pili, ALDH2, huigeuza sumu hiyo kuwa kitu ambacho mwili unaweza kukitumia. Maagizo ya kutengeneza vimeng'enya hivi yamo katika jeni tulizorithi kwa wazazi, nazo hazifanani. Huko Japani, China na Korea watu wengi wamerithi ALDH2 dhaifu. Wakinywa kidogo tu uso huwa mwekundu, moyo huenda mbio, kichefuchefu huwashika. Iko jeni nyingine, PNPLA3, inayohusika na mafuta ndani ya ini. Mwenye aina yake mojawapo hupatwa na ugonjwa wa ini kusinyaa kwa urahisi kuliko mwenzake anayekunywa kiasi kilekile, naye uso haumwonyi mezani.

Basi mtu anayekataa glasi kwa kuwa mwili wake unaikataa, je, huyo ana kiasi? Kwa maoni yangu, hajashinda jaribu lolote, amezungushiwa uzio. Nasi tuliokulia katika nyumba za Kiadventista, ambako chupa haikuonekana mezani, tusijisifu haraka. Uzio wetu tulijengewa na wazazi.

Tena uzio huo hubomoka. Watafiti wa Japani walipima jeni za walevi waliokuwa wakitibiwa. Mwaka 1979 wenye ALDH2 dhaifu walikuwa asilimia 2.5 tu kati yao. Mwaka 1986 walikuwa asilimia 8, na mwaka 1992 asilimia 13. Jeni za taifa hazibadiliki kwa miaka 13! Kilichobadilika ni mazingira ya watu. Mfanyakazi alitarajiwa kunywa na wakubwa wake baada ya kazi, na kukataa kulionekana kama dharau. Kwa hiyo watu ambao Muumba alikuwa amewawekea kengele ya hatari ndani ya mwili walijifunza kutoisikiliza, kwa ajili ya heshima ya meza. Nao hulipa zaidi, maana mwenye kimeng'enya hicho dhaifu akizoea kunywa, hatari ya saratani ya umio kwake huwa kubwa mno.

Ndiyo maana Habakuki 2:15 ni fungu zito. Ole ya nabii pale imemwelekea anayemimina, yule anayemnywesha jirani yake.

Wako watakaosema kwamba habari hizi za jeni zinampa mlevi kisingizio. Hapana. Jeni haiinui glasi, na mtu ataulizwa kwa alilolichagua. Lakini wale wawili wa mwanzo walichagua jambo lilelile. Kilichowatenganisha, mmoja kaburini na mwingine barazani, kilikuwamo ndani yao kabla hawajazaliwa. Kuhusu wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, Yesu alikataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko majirani zao, kisha akawageukia waliokuwa wakimsikiliza na kuwataka watubu wao.

Kwa mjadala: Mshiriki wa darasa lenu, aliyekuwa mnywaji kabla ya ubatizo, amelazwa kwa ugonjwa wa ini. Mnakwenda kumwona Sabato alasiri. Mtamwambia nini, na ni maneno gani mtayaacha nje ya mlango wa wodi?