Mlio Nilioununua Gerezani

Yako makosa ambayo mtu huyatenda huku watu wakimwamkia "shikamoo". Hili ninalotaka kulisimulia ni mojawapo. Ni dogo kiasi kwamba hakuna baraza la kata ambalo lingehangaika nalo, walakini limenikaa kooni kwa miaka mingi kuliko makosa yangu mengine ambayo watu waliyaona na kunilaumu waziwazi.

Mwaka 2006 nilikuwa mwalimu wa sekondari Morogoro, na nilikuwa na pikipiki aina ya Honda CG125. Wanaozijua pikipiki watakubaliana nami kwamba chombo hicho hakikuundwa kwa ajili ya majivuno. Honda walikitoa mwaka 1976, na injini yake wakaipa fito za kusukuma valvu badala ya mnyororo, ili istahimili vumbi na watu wasiobadilisha oili kwa wakati. Ni punda wa chuma. Haidai kitu, na haimvutii mtu yeyote.

Ekzosi yake ilikuwa imeliwa na kutu. Msomaji asiyejua huenda akadhani kutu ya ekzosi hutoka nje, kwa mvua na matope. La hasha, aghalabu huanzia ndani. Petroli inapoungua hutoa maji pamoja na moshi, na mtu wa safari fupi kama mimi, nyumbani hadi shuleni na kurudi, haliachi bomba lipate joto la kutosha kuyakausha. Maji hulala humo, na kutu hula usiku na mchana. Yangu ilifikia hatua ya kutoboka ubavuni, nikaifunga kwa bati la kopo na waya.

Ekzosi mpya ya kiwandani ilikaribia mshahara wangu wa mwezi mzima. Kwa hiyo likizo ya Juni nilipokwenda Dar es Salaam kumwona dada yangu, nikapitia Gerezani, mahali ambapo kila kilichowahi kufungwa kwenye gari au pikipiki hungoja kufungwa tena kwenye kingine. Mahali pale pana jina la ajabu, na mimi niliingia kwa miguu yangu mwenyewe. Nikaiona ikiwa imening'inia kwenye msumari: ekzosi ya mtumba kutoka Japani, nene kama mguu wa mtoto, inang'aa, iliyotengenezwa na wale mafundi wa vifaa vya ziada na si na kiwanda cha pikipiki. Ilikuwa imevuliwa kwenye pikipiki kubwa kuliko yangu mara tatu au nne. Muuzaji aliipangusa kwa kitambaa, akanitajia bei ambayo ilikuwa robo ya ile ya kiwandani.

Pembeni palikuwa na maandishi madogo yaliyopigwa mhuri kwenye bati. Mafundi wengi hawakuweza kuyasoma. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza. Yalisema kwamba kifaa hicho ni cha mashindano, kisitumike katika barabara za umma. Niliyasoma, nikayaelewa, nikatoa pesa. Natamani ningeweza kusema nilidanganywa.

Kuifunga kulikuwa kazi ya siku nzima. Bomba linalotoka kwenye silinda ya CG ni jembamba, na mdomo wa ekzosi ile ulikuwa mpana, hivyo fundi wetu wa mtaani alikata kipande cha bomba la maji, akakichomelea kuwa kiungo, akakibana kwa klampu. Kishikio akakitengeneza kwa chuma bapa, na baina ya chuma na fremu akaweka viduara alivyovikata kwenye tairi kuukuu, maana mtikisiko wa injini ya silinda moja hukata chuma kama msumeno. Akabadilisha gasketi ya kwenye silinda, kwani hewa ikipenya hapo, ukifunga mafuta ghafula ekzosi hulipuka kama fataki. Akaongeza pia tundu la jeti ya kabureta, kwa sababu bomba linalopitisha moshi kwa urahisi huifanya injini ivute hewa nyingi kuliko mafuta. Alikuwa fundi hodari. Jambo moja tu alinionyesha kwa kidole bila kusema neno: kile kibomba cha ndani kinachopunguza mlio hakikuwamo. Mtu wa kwanza, huko Japani, alikwisha kukitoa.

Alipopiga kiki, kuku wa jirani waliruka.

Sitaki kuwa mnafiki. Nilifurahi. Nilikuwa na miaka arobaini na minane, mvi zimeanza, wanafunzi wananiita "Mzee" nyuma ya mgongo wangu, na ghafla nilipokuwa napanda mlima kuelekea shuleni kila mtu aligeuka. Injini ya namna ile hupiga mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ni mapigo 50 kwa sekunde, na kila pigo lilikuwa likitangaza kwamba mimi bado nipo.

Hapa niseme kidogo kuhusu watu waliotangulia kulifikiria jambo hili. Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alibuni mwaka 1884 ile bunduki ya rashasha ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la bombom. Uzeeni alikuwa kiziwi kwa sababu ya kuishi na mlio huo. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, alipata hataza ya kifaa cha kuzima mlio wa bunduki mwaka 1909, kisha kanuni hiyohiyo akaitumia kwa ekzosi za injini. Baba alitengeneza mlio, mtoto akatengeneza kimya. Na Schopenhauer, yule mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika mwaka 1851 akiwalaani wapiga mijeledi barabarani, kwamba wanakata fikra za watu wenye kufikiri. Nilipomsoma nilimwonea haya kidogo. Alidhani kimya ni mali ya wenye akili peke yao.

Jirani yangu alikuwa mlinzi wa usiku katika ghala moja. Alirudi saa moja asubuhi, tukipishana njiani, akiniamkia kwa heshima zote. Saa mbili alilala. Saa nne mimi nilirudi kunywa chai. Saa saba nilirudi kula. Saa nane niliondoka tena. Wataalamu wa afya duniani wametoa viwango vya kelele za usiku, lakini kwa mtu yule usiku ulikuwa mchana, na hakuna kiwango kilichoandikwa kwa ajili yake.

Miezi saba ilipita. Siku moja mwanawe, aliyekuwa kidato cha pili, alichelewa kipindi cha mchana. Nikamwuliza sababu. Akasema alikuwa amempelekea baba yake chakula kwa shangazi, ng'ambo ya mto. Nikauliza kama baba amehama. "Hapana, Mwalimu. Huenda kulala huko mchana." Nikauliza kwa nini. Yeye alitazama chini. Mwenzake wa dawati la nyuma ndiye aliyejibu: "Ni pikipiki, Mwalimu." Darasa zima likacheka, kisha likanyamaza.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: mtu ambaye hakuna aliyemlalamikia, je, amekosa? Kwa muda nilijitetea kwa hoja hiyo. Mbona hakuniambia? Ningeacha! Lakini hebu tufikiri, msomaji wangu. Yule bwana alikuwa mdogo kwangu kwa umri, nilikuwa namfundisha mwanawe, na barua zake za kazini mimi ndiye niliyemwandikia. Angeniambiaje? Kimya chake hakikuwa ridhaa, kilikuwa heshima, na mimi niliitumia heshima hiyo kama mtu anayechota kwenye kibubu cha mwenzake. Kadiri watu wanavyokuheshimu ndivyo wanavyokuficha ukweli, na kwa hiyo wajibu wa kuuliza ni wa anayeheshimiwa. Sijaona njia ya kuikwepa hoja hiyo, na nimeitafuta.

Hoja nyingine nilikuwa nayo, ya usalama: pikipiki isiyosikika huua. Mbuzi husikia, nakubali. Lakini mlio wa ekzosi huelekea nyuma, na lori linalokuja mbele limefunga vioo.

Ya tatu ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu ina hesabu ya kweli ndani yake. Pikipiki mbili zenye mlio sawa haziwi na kelele maradufu masikioni mwetu. Kipimo huongezeka kwa desibeli 3 tu, nalo sikio linataka kama 10 ndipo liseme kelele imekuwa mara mbili. Basi katika mji wenye kelele kila mmoja anaweza kuapa kwamba yake haiongezi kitu, na akawa karibu na ukweli! Hata anayeacha hapunguzi kitu. Nakiri kwamba kwa barabara kuu sina jibu linaloniridhisha. Lakini mtaa wetu saa saba mchana ulikuwa kimya kabisa, na mlio ulikuwa mmoja.

Pikipiki za Kichina zilipozidi kuingia nchini, nyingi zikiwa na injini iliyoigwa kutoka CG, spea zake zilishuka bei, nami nikanunua ekzosi ya kawaida, nyepesi, isiyo na umbo. Nikaenda kwa jirani kuomba radhi. Akakataa katakata. "Hata kidogo, Mwalimu, haikunisumbua. Tulikuwa tunaipenda, tukijua Mwalimu amefika." Mkewe alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, na hakuinua uso. Wiki iliyofuata nilimwona amelala mkekani chini ya mwembe wake, mdomo wazi, saa saba mchana.

Ile ya Gerezani bado imening'inia stoo, imefungwa gunia. Kijana mmoja wa bodaboda amekuja mara mbili kuiulizia. Anaishi mtaa mwingine, mbali na hapa, ambako simjui mtu. Mara ya kwanza nilimwambia haiuzwi. Mara ya pili aliongeza bei, nami nikamwambia apite Jumamosi.