Kwa Mjukuu Wangu Aliyepewa Unyapara

Mjukuu wangu, mama yako amenipigia simu akishangilia: umepandishwa, sasa wewe ndiye msimamizi wa laini nzima ya ushonaji. Hongera, baba. Keti kidogo unisikilize. Ukitaka kunijibu paza sauti, maana mitambo ya kufumia ilinila masikio.

Haya niliwaambia wajomba zako, na nimechoka kuyarudia, lakini nitayarudia. Mwenye mali ya pamba hukaa mbali. Hashiki kiboko wala hafungi mlango. Kazi hiyo humpa mtu wa kati, na mtu huyo leo ni wewe.

Alikuwako Solomon Northup, Mmarekani mweusi aliyezaliwa huru, akatekwa mwaka 1841 na kuuzwa, akakaa utumwani miaka 12, mingi yake huko Louisiana. Alipokombolewa aliandika jinsi jioni ilivyokuwa katika shamba la pamba. Kila mtu alibeba kikapu chake kwenda kwenye mizani huku moyo ukimdunda. Kazi ya siku ilikuwa ratili 200 hivi. Ukipunguza, unachapwa. Ukizidisha, kesho kipimo chako kinapandishwa. Itafakari sana mizani ile, kwa sababu na wewe utapewa ya kwako: mashati mangapi kwa saa. Binti atakayejitahidi leo akazidisha, utaambiwa umwongezee kesho. Hapo ndipo nitakapokujua. (Pamba ya watumwa wale ilifumwa Massachusetts, ikaletwa Unguja kwa merikebu, na babu zetu wakaivaa wakiiita merikani. Hakuna aliyewaambia imechumwa na nani.)

Wala usidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Kusini kwetu, gavana wa Kijerumani, von Götzen, alipoamuru vijiji vilime pamba ya serikali, waliosimamia walikuwa majumbe na maakida, na wengi wa maakida hao walikuwa watu wa pwani, wasemao Kiswahili kama mimi na wewe. Watu waliacha mashamba yao yaliwe na magugu na nguruwe. Aliyekosekana kazini alilazwa chini akapigwa hamsa ishirini. Na malipo yalipokuja yalikuwa haba mno, wengine wakakataa hata kuyashika. Julai 1905, pale Nandete, Wamatumbi waliing'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Waliokufa, wengi kwa njaa iliyofuata, huhesabiwa kwa maelfu na maelfu. Najiuliza mpaka leo maakida wale walikuwa wakijiambia nini usiku.

New York, tarehe 25 Machi 1911, kiwanda cha kushona nguo cha Triangle kilishika moto. Watu 146 walikufa, wengi wasichana wahamiaji, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo kwa kuogopa wizi. Ufunguo ule, mjukuu wangu, haukujizungusha.

Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh, Aprili 23 mwaka 2013, kuta za jengo la Rana Plaza zilionekana zimepasuka. Benki iliyokuwa chini iliwaambia watumishi wake wabaki nyumbani. Washonaji wa ghorofa za juu waliitwa kesho yake asubuhi, na wengine wakatishiwa kukatwa mshahara wa mwezi. Jengo likaanguka. Walikufa zaidi ya 1,100. Nyufa zile zile, jengo lile lile. Watumishi wa benki walipona kwa kuwa bosi wao alisema msije.

Utaniambia una watoto wa kulisha, na meneja naye ana mkubwa wake. Ni kweli, na sikwambii uache kazi. Nakwambia mshonaji akija kukuonyesha ufa, toka naye nje kwanza, mjadala baadaye. Akiomba kwenda msalani usimwekee saa. Watu wa chama cha wafanyakazi wakija, usikusanye majina ya waliojiandikisha ukayapeleka ofisini. Na Jumatatu, kabla hujashika daftari la hesabu ya mashati, zunguka ukumbi mzima ujaribu kila mlango wa nyuma kwa mkono wako mwenyewe. Ukiukuta mmoja umefungwa, udai ufunguo siku hiyo hiyo, hata wakikununia. Kisha nipigie uniambie walikujibu nini.