Bustani katika Nchi ya Ugenini

Masomo: Yeremia 28, Yeremia 29:1–14



Mwezi huu twapenda kunena nanyi juu ya ua. Wengine watasema, walimu wastaafu wameishiwa maneno, mji una vumbi na vijana hawana kazi, nao watuletea habari za maua. Twaomba mtuvumilie kidogo, maana habari hii inaanzia Babeli.

Watu wa Yuda waliohamishwa pamoja na mfalme Yekonia walikaa Babeli kama abiria wanaongoja lori: mizigo imefungwa, macho yako barabarani. Wala hawakukosa wa kuwapa moyo. Huko Yerusalemu nabii Hanania alisimama hekaluni akatangaza kwamba katika muda wa miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudishwa, na wafungwa wote pamoja navyo. Ilikuwa habari tamu sana, ila haikutoka kwa Bwana. Yeremia aliwaandikia barua kwamba ni miaka 70. Na kwa kuwa ni miaka 70, aliwaagiza wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani, waoe na kuoza, tena wauombee amani mji ule ule waliopelekwa kwa nguvu.

Sisi wa Runzewe twaijua sana ile miaka miwili ya Hanania. Wenyeji wa nchi hii ni Wasumbwa. Wengi wetu tulikuja, wengine kutoka Usukumani, wengine Kigoma, wengine Kagera na mbali zaidi, kwa kilimo, kwa biashara ya barabara kuu iendayo Rusumo, na kwa dhahabu. Hata mkoa tumebadilishiwa tukiwa tumekaa: Bukombe ilikuwa Shinyanga mpaka mwaka 2012 ilipoingizwa katika Mkoa mpya wa Geita. Basi aliyekuja kwa dhahabu husema, duara likitema, naondoka. Mwaka unapita, mitano inapita, kumi inapita, naye yungali anaondoka. Chumba ni cha kupanga, uwanja ni mtupu, mti wa kivuli hakuna. Sisi tuliofundisha twalijua neno moja linalojirudia katika rejista ya mahudhurio: amehama. Mtoto amehama kabla hajazoea jina la mwenzake wa dawati. Hatuwalaumu wazazi, maana riziki hufuatwa iliko. Lakini mtoto aliyekulia mahali ambapo hakuna kitu kilichopandwa, atajifunzia wapi kukaa?

Hapo ndipo twaitaja vebena. Ni ua fupi, lenye vishada vya maua madogo ya zambarau, mekundu, meupe au ya waridi, na vipepeo hulipenda sana. Lenyewe ni mgeni kama sisi. Vebena nyingi za bustani asili yake ni Amerika ya Kusini, kama muhogo, na hatujasikia mtu akiukataa ugali wa muhogo kwa kuwa si wa hapa.

Tena si ua la mtu mwenye haraka. Mbegu zake ni kama vijiti vidogo vya kahawia, na ua moja huzaa mbegu 4. Chukua kopo, litoboe chini kwa msumari, ulijaze udongo mwepesi uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri na mchanga wa mto. (Mchanga uliooshewa dhahabu kwa zebaki usiulete nyumbani kabisa, hata kwa ua, maana watoto hucheza nao.) Nyunyiza maji leo, usie mbegu kesho, uzifunike kwa udongo kidogo tu. Kisha weka kipande cha gunia juu, maana mbegu hizi hupenda giza ili ziote, ukaliweke kopo chini ya upenu mvua isilifikie.

Baada ya hapo kazi yako ni kuliacha. Hapa ndipo wengi hushindwa. Siku ya tano hufukua kuona kama kuna kitu; siku ya nane humwaga maji mengi, na mbegu huoza. Vebena huchukua wiki 2 mpaka 4 kuchomoza, tena hazichomozi pamoja, na nyingine hazioti kabisa hata mbegu ikiwa njema. Bwana wetu alitoa mfano wa mtu aliyemwaga mbegu, akalala na kuamka, nayo ikaota asijue jinsi gani (Marko 4:26–29). Yule mtu hakuwa mvivu, ila alijua mpaka wa kazi yake. Mchimbaji huishi kwa kufukua, na kazi yake ni halali. Lakini mkono uliozoea kufukua huona shida sana kukiacha kitu gizani.

Miche ikitokeza, ondoa gunia mara moja, uipe mwanga. Maji kidogo, asubuhi, kwenye udongo, yasiguse majani, ili kinyausi kisiikate shingoni. Ikifikia urefu wa kidole kata ncha yake, ndipo itakapotoa matawi. Ihamishie mahali penye jua la kutwa, kila mche mbali na mwenzake kama sentimita 30, ukiizungushia miiba kwa ajili ya kuku. Ikisongamana kivulini hushikwa na ubwiri unga. Ikishashika mizizi vizuri huvumilia kiangazi kuliko maua mengi.

Tangu kusia hadi ua la kwanza ni karibu miezi 3. Hesabuni basi kalenda ya Kanisa. Kutoka Epifania, tarehe 6 Januari, mpaka Pasaka si chini ya siku 75 wala si zaidi ya 110. Anayesia siku ya Epifania, mbegu zake zitakaa gizani, kisha miche itakua katika Kwaresima, wakati ambao kwa desturi hatuweki maua Altareni. Na Pasaka isipokuja mapema mno, yatakuwa tayari. Maua ya plastiki tuliyo nayo hayana neno, yanafutwa vumbi na kurudishwa. Lakini hayajamtaka mtu yeyote akae Runzewe miezi 3.

Jambo moja katika ile barua hatupendi kulisikia. Mtu mzima aliyepanda bustani Babeli kwa neno la Yeremia hakuwa na tumaini kubwa la kuirudia Yerusalemu kwa miguu yake. Miaka 70 si ya mtu huyo, ni ya wajukuu wake. Hata hivyo aliagizwa apande, tena ale matunda yake.

Kwa hiyo mpangaji asiye na uwanja asiseme hana pa kupanda. Avune mbegu vishada vikikauka na kuwa kahawia, nyingine azisie katika kopo la dirishani. Siku akihama, kopo aliache, amwonyeshe mpangaji anayeingia kiasi cha maji. Mbegu zitagawiwa na Umoja wa Mama baada ya ibada ya Epifania. Kila mtu aje na kopo lake, liwe limekwisha kutobolewa.