Je, Gemu Uliyoinunua Ni Yako?

Kiswahili kina maneno mengi ya kueleza namna kitu cha mtu mwingine kinavyofika mikononi mwako. Unaweza kukinunua, kukikodi, kukiazima, kukipokea kama amana au kukishika kwa rehani. Kila neno lina masharti yake, na hata mtoto wa shule ya msingi anayajua bila kufundishwa. Aliyekodi baiskeli anajua kwamba jioni atairudisha. Aliyeazima jembe anajua kwamba likivunjika atalieleza. Aliyenunua haulizi ruhusa kwa mtu. Katika insha hii nauliza ni neno lipi kati ya hayo linalomfaa mtu anayelipia gemu ya kompyuta au ya PlayStation siku hizi. Najua baadhi ya walimu wetu wataona ni jambo la kitoto. Mimi naliona kama swali la ukweli na uongo, na gemu ni mahali ambapo uongo huu umezoeleka mapema kuliko kwingine.

Nianze na habari ambayo wapenzi wa gemu wengi waliisikia. Mwezi wa Desemba 2014 kampuni ya Ufaransa iitwayo Ubisoft ilitoa gemu ya kuendesha magari, The Crew. Watu waliilipia kama wanavyolipia bidhaa yoyote. Wengine walinunua diski yenye kasha lake. Lakini gemu hiyo haikuweza kufunguka bila kuunganishwa na seva za kampuni, hata kama mchezaji alitaka kuendesha gari peke yake. Tarehe 31 Machi 2024 seva zilizimwa. Diski zikabaki vipande vya plastiki. Muda mfupi baadaye, watu waliokuwa na gemu hiyo kwenye akaunti zao wakaona hata leseni imeondolewa. Si mara ya kwanza kwa jambo la namna hii kutokea. Mwaka 2009 Amazon iliingia katika visomeo vya Kindle vya wateja wake na kufuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell walivyokuwa wamekwisha kuvilipia. Kimoja kilikuwa 1984, kitabu kinachosimulia serikali inayofuta maandishi. Mtu angetunga kisa hicho tungemwambia amezidisha.

Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Inawataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wasitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Hata kabla ya tarehe hiyo, duka la Steam lilikuwa limeanza kuonyesha tangazo la namna hiyo mteja anapokaribia kulipa. Wengi walilikasirikia tangazo hilo. Mimi nililifurahia, kwa sababu halikubadilisha kitu chochote isipokuwa kwamba sasa tunaambiwa.

Hapa kwetu Maliba, chini ya Rwenzori, hakuna neno linalochungwa kuliko "kununua" linapohusu shamba. Mtu akinunua shamba la kahawa, muuzaji na mnunuzi hutembea kwenye mipaka pamoja na majirani, mashahidi huandika majina yao, na mwenyekiti wa LC1 hupiga muhuri kwenye karatasi ya makubaliano. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataja njia nne za kushika ardhi: ya kimila, milki huru, mailo na lisi. Mwenye lisi ya miaka 49 anajua ni miaka 49, na hamwambii mkwewe kwamba ardhi ni yake milele. Juu yetu ipo Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991. Wapo wanavijiji wenye makubaliano ya kuchukua vitu fulani msituni, lakini sijawahi kumsikia mama akirudi na mzigo wake na kusema amenunua msitu. Anasema ana kibali. Sina ugomvi na vibali. Ugomvi wangu ni na mtu anayenipa kibali na kunitoza bei ya shamba.

Historia ya pwani ina mfano unaokaribia huu. Katika Zanzibar ya karne ya 19, wenye mashamba ya karafuu waliokopa fedha kwa wafanyabiashara wa Kihindi walitumia mauzo yaliyoitwa bei ya khiyari. Kwa karatasi shamba limeuzwa, lakini muuzaji anayo haki ya kulikomboa akilipa, na mara nyingi aliendelea kukaa humo akilipa kodi. Ilikuwa njia ya kufunika riba. Hata hivyo pande zote mbili zilijua kilichokuwa chini ya kifuniko. Katika duka la gemu, upande mmoja una wanasheria na upande wa pili una kijana wa miaka 16 anayebonyeza "nakubali" ili mechi ianze.

Sasa nije kwenye vibanda vyetu vya gemu, maana nadhani swali hili linaonekana vizuri zaidi huko kuliko California. Kibanda ninachokifahamu kina televisheni mbili, PlayStation 3 mbili za mitumba na betri ya sola. Mechi moja ya FIFA ni shilingi 500, na anayefungwa anampisha anayefuata. Kwa miaka mingi kabla ya hapo kilikuwa na PlayStation 2, mashine iliyoingia sokoni mwaka 2000. FIFA 14 ilitolewa hata kwa mashine hiyo, kwa hiyo sisi wa milimani hatukuachwa nyuma sana. Mashine zote zimefunguliwa na fundi ili zisome nakala. Hakuna gemu hata moja mle ndani iliyolipiwa kwa aliyeitengeneza.

Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa siku kama tano. Vibanda vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya korona, na mwenye mashine alikuwa ameihamishia sebuleni kwake. Siku zile simu zetu hazikuwa na kazi. Sebule ile ilijaa. Nakala zile zilicheza asubuhi hadi betri ilipoisha, kwa sababu hazikuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Upande wa Bwera yuko binamu yangu ambaye wakati huo alikuwa akipakia mizigo mpakani Mpondwe. Alikuwa amenunua gemu moja ya kompyuta kwa njia halali, kupitia kwa rafiki mwenye kadi ya benki, kwa ujira wa karibu majuma mawili. Gemu yake haikufunguka siku zote tano. Miaka miwili baadaye kampuni, ambayo siitaji, ikamwandikia barua pepe ya shukrani. Ilimshukuru kwa kuwa sehemu ya safari na kumjulisha tarehe ya kufunga seva. Akaniuliza kama shukrani ile inaweza kurudishwa dukani.

Hilo ndilo fumbo ninalotaka wenzangu walifikirie. Mtu aliyelipa kwa uaminifu ana kidogo kuliko mtu ambaye hakulipa kabisa. Mwenye kibanda anaweza kuuza mashine yake pamoja na gemu zote, anaweza kumwachia mwanawe, anaweza kuzicheza mwaka 2040 ikiwa mashine itakuwa bado inawaka. Binamu yangu hawezi lolote kati ya hayo. Tukiuliza "nani anamiliki?" kwa kutazama matendo ya mmiliki, jibu litakuwa la aibu.

Wapo wanaolimaliza jambo hapo. Wanasema: ikiwa kununua si kumiliki, basi kunakili si kuiba. Maneno haya ni maarufu miongoni mwa wachezaji duniani, na nimeyasikia pia kwa Kiswahili na kwa Lukonzo. Yana nguvu zaidi kwetu, kwa kuwa mara nyingi mlango wa kulipia wenyewe umefungwa. Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima wafungue akaunti ya PlayStation. Akaunti hiyo haitolewi rasmi katika nchi nyingi, Uganda ikiwemo. Sony iliondoa sharti baada ya siku chache kwa kelele za wachezaji, lakini gemu ilikuwa imekwisha kuondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170. Mtu anaweza kuwa na fedha mkononi na bado asiwe na pa kuzipeleka.

Hata hivyo siukubali usemi ule, na sababu yangu ni mtu mmoja. Lual Mayen, mzaliwa wa Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka mitatu akamnunulia kompyuta. Kambini hapakuwa na umeme wa kuichaji, kwa hiyo kijana alitembea saa tatu hadi mahali pa kuichaji. Alijifunza kutengeneza gemu akatengeneza Salaam, gemu ya amani, na mwaka 2018 akaheshimiwa kwenye tuzo za gemu nchini Marekani. Tuseme kijana wa namna hiyo aiuze gemu yake kwa shilingi elfu tano, na sisi tuinakili tuijaze kwenye vibanda vyote kutoka Kasese hadi Bwera. Je, tutamwambia mama yake kwamba kunakili si kuiba kwa sababu Ubisoft ilizima seva? Kosa la Ubisoft halimfikii. Usemi unaotetea nakala ukiwa mbele ya kampuni kubwa, ukakosa uso mbele ya mama huyo, si hoja ya haki. Ni hasira, tena hasira yenye sababu.

John Locke aliandika mwishoni mwa karne ya 17 kwamba mtu hupata milki kwa kuchanganya kazi yake na kitu. Wanaotetea kampuni humpenda kwa hilo: waandishi wa programu wamechanganya miaka yao. Ni kweli. Lakini binamu yangu naye alichanganya kitu. Kwanza migongo ya magunia pale Mpondwe, kisha mamia ya saa za kujenga timu yake, ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Locke hakuishi kuona kitu ambacho watu wawili wamekifanyia kazi, kimoja kikiwa ndani ya kingine, na mmoja wao akiwa na swichi.

Mwalimu wangu mmoja aliniambia, nilipomweleza haya, kwamba seva zinagharimu fedha na hakuna kampuni inayoweza kuziwasha milele kwa ajili ya wachezaji mia mbili. Nakubaliana naye kabisa. Aliyekuuzia ng'ombe halazimiki kumlishia. Ninachokataa ni kwamba aje usiku kumchukua kwa kuwa amechoka kumwona zizini kwako. Kampeni iitwayo Stop Killing Games, iliyoanza mwaka 2024 baada ya kisa cha The Crew, inadai jambo dogo kama hilo: kampuni ikiondoka iiache gemu katika hali ya kuchezeka, kwa mfano kwa kuondoa sharti la seva. Ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja Julai 2025. Sisi hatukuweza kutia saini, maana ni ya raia wa Ulaya, ingawa gemu zinazozimwa huko huzimika hata Maliba kwa dakika ileile.

Wakati tukisubiri, nadhani adabu inayotufaa ni hii. Muuzaji aseme neno la kweli: "kodi", na bei iwe ya kukodi. Mwenye kibanda asijione mwizi wala shujaa. Ana deni kwa watengenezaji ambalo halina pa kulipiwa. Mlango ukifunguliwa hapa, kwa bei ya hapa, alilipe. Na ikiwa gemu imetengenezwa na mtu wa Kampala, Gulu au Nairobi anayepokea pesa za simu, mlango huo tayari uko wazi, na hadithi ya PlayStation haimhusu.

Lakini naogopa swali langu linazeeka kabla sijahitimu. Wadogo zetu hawanunui gemu. Wanacheza za bure kwenye simu, kama eFootball, wakilipia wachezaji na mavazi ambayo nayo yako kwenye seva ya mtu, na kila mwaka kikosi kinaanza kupoteza thamani. Siku ya pili ya Krismasi iliyopita nilimweleza mdogo wangu, mwenye miaka 12, kwamba zamani mtu alikuwa na diski, akiitaka anaiazima kwa rafiki, akiichoka anaiuza. Alisikiliza bila kuondoa macho kwenye simu. Kisha akauliza, "Sasa kaka, hiyo ukishaiuza, wewe unaingiaje tena kwenye akaunti yako?"