Amana ya Sauti

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mrekodi sauti wa filamu anaijua kweli hiyo kwa masikio yake. Kabla ya kuondoka mahali, huwaomba watu wote wanyamaze, kisha hukirekodi kimya cha hapo kwa nusu dakika au dakika nzima. Kwani kimya kitupu hakipo: chumba cha Mji Mkongwe kina chake, chenye pangaboi, kunguru na bahari ya mbali, ua wa shamba nao una chake. Kimya hicho ndicho kitakachoziba pengo pale maneno yatakapokatwa, msikilizaji asishtuke.

Kanuni nyingine ni chache. Maikrofoni isogezwe karibu na kinywa, maana mahali pa wazi kila umbali unapozidi maradufu sauti hupungua kwa takriban desibeli 6, ilhali zogo la mahali halipungui. Upepo huzuiwa kwa kifuniko cha manyoya. Friji huzimwa. Na mrekodi havui hedifoni, kwa sababu sikio la mwanadamu huchagua la kusikia. Chombo hakichagui, hupokea vyote.

Basi mzigo wa kuchagua humwangukia mwenye chombo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alijua kuwa anaimba mbele ya chombo, kwa ajili ya watu asiowaona. Je, asiyejua kuwa anasikika?

Siku moja nilimrekodi bibi mmoja akisimulia ujana wake. Tukapumzika, kamera ikazimwa, naye akaingia jikoni na maikrofoni ndogo ingali imebanwa kwenye kanga yake. Huko akamweleza mjukuu wake, kwa sauti ya chini, habari za mwanawe aliyeondoka asirudi. Nami hedifoni zilikuwa masikioni. Sikuzivua.

Katika masimulizi yote ya asubuhi ile hapakuwa na maneno ya kweli kuliko hayo. Wapo watakaosema kuwa sanaa hutafuta ukweli, na ukweli ukipatikana hauachwi. Nawakubalia nusu. Lakini aliponiruhusu kumbandika chombo, bibi yule alinikabidhi maneno aliyokusudia kuyasema. Yale mengine yalimdondoka tu, na kilichodondoka hakiwi changu kwa kuwa nimekiokota mimi. Kuyafuta kimyakimya pia hakukutosha, kwani nilikwisha kuyasikia, naye hakujua.

Nikamwendea, nikamvisha hedifoni, akasikiliza. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: “Hayo ya nyumbani, mwanangu.” Nikayafuta mbele yake.

Filamu ilipungua. Kila nikiitazama napajua ilipopungua, na sidai kuwa ukweli ule ulipata fidia. Pahala pake nilitia kimya cha chumba chake, dakika ile niliyokuwa nimeirekodi kwa idhini yake. Watazamaji hupita hapo bila kusikia neno. Mimi nasikia, na naona ndivyo inavyopasa: siri ya mtu ikae kwa aliyeisikia, isipite kwake kwenda kwa wengine.