Nauli ya Kwenda Kumwona Kasa

Magari ya Malindi huanza kuondoka Mombasa alfajiri, na abiria wake ni watu wa kila hali: mama aliyetoka sokoni Kongowea na magunia yake, mwanafunzi anayerudi kwao Kilifi, askari aliye likizoni, fundi na mfuko wa vyombo vyake vya kazi. Siku hizi, hasa shule zinapofungwa, wamo pia vijana wenye mabegi mgongoni waliofika kwa basi la usiku kutoka Nairobi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hawaendi harusini wala matangani. Wanakwenda Watamu kutazama wanyama.

Mzazi wa kizazi kilichopita angeshangaa. Kwa miaka mingi kutazama wanyama kumehesabiwa kuwa shughuli ya mgeni: gari la paa la kufunguka, kofia pana, darubini shingoni, na chumba ambacho mwalimu wa shule ya msingi hawezi kukilipia hata akijinyima. Mwananchi aliachiwa simba wa kwenye sarafu ya shilingi 10 na tembo wa kwenye ile ya 20, waliochorwa humo tangu mwaka 2018. Hao ndio anaowashika kila siku. Walio hai huwasikia kwenye redio, na mara nyingi ni siku ambayo wamekula mazao au wamejeruhi mtu. Fikra hiyo imewanyima watu wa Afrika Mashariki haki ya kuvijua vilivyo vyao, na kuiondoa hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji nauli.

Kutoka Mombasa hadi Gede ni mwendo wa kilomita 100 hivi kuelekea kaskazini. Gari hupita Mtwapa, likayaacha nyuma mashamba ya mkonge ya Vipingo, likavuka daraja refu la Kilifi ambalo chini yake maji ya ghuba ni ya buluu iliyokolea. Hapo Kilifi wachuuzi huja dirishani na pakiti za korosho. Jirani wa kiti atauliza: mwenzangu unakwenda wapi, kwa nani? Ukimjibu kwamba unakwenda kutazama ndege na kasa, maswali hayatakwisha hadi Matsangoni. Huenda naye ana shamba kando ya msitu na ana mengi ya kusema juu ya nyani wanaomvunia mahindi kabla hayajakomaa. Huenda ana shemeji mvuvi. Mtu akifika anakokwenda, tayari amekwishaambiwa na wenyeji wanyama hao wanamgharimu nani. Gari la kukodi lenye vioo vyeusi halina somo hilo.

Kabla ya Gede, mkono wa kushoto, ndipo ulipo msitu wa Arabuko-Sokoke. Una kilomita za mraba 420 hivi, na ni kipande kikubwa kuliko vyote kilichosalia cha msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki, ule uliowahi kutanda toka Somalia hadi Msumbiji. Ndani yake anaishi sange mwenye tako la rangi ya dhahabu, mnyama wa kimo cha sungura mdogo mwenye pua ndefu isiyotulia. Kwa sura mtu angemdhania panya, lakini wataalamu wa nasaba za wanyama wamemweka katika ukoo mmoja na tembo, pimbi na nguva. Dume na jike hushirikiana eneo moja kwa maisha, kila mmoja akimfukuza mvamizi wa jinsia yake. Ngozi ya tako lile la dhahabu ni nene kuliko ya sehemu nyingine za mwili, na wataalamu hudhani kwamba rangi humvutia adui ashambulie pale ambapo madhara ni madogo. Yumo katika hatari ya kutoweka, na ngome yake kuu duniani ni msitu huu unaopitwa na basi kwa dakika chache tu.

Yumo pia bundi mdogo wa Sokoke, ambaye urefu wake hauzidi sentimita 18. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1966, na makao yake yanayojulikana ni misitu hii ya Kilifi pamoja na miteremko ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Mchana hulala katika vichaka vilivyosongamana, rangi yake ikifanana na majani makavu, na mgeni akiachwa peke yake hatamwona hata akikaa wiki nzima. Waongozaji waliozaliwa kandokando ya msitu huingia mapema kumtafuta alipolala, kisha huwarudia wageni na kuwapeleka hatua kwa hatua, bila kelele. Pwani, kama kwingine kwingi, bundi akilia juu ya paa watu huomba dua na kumtupia mawe. Leo kuna wazazi wa Kigiriama wanaolipa karo za watoto kwa sababu wanajua bundi amelala kwenye kichaka kipi. Hotuba za uhifadhi hazikuweza kufanya hivyo.

Mabadiliko hayo yana historia. Miaka ya mwanzo ya 1990 majirani wengi wa Arabuko-Sokoke walitamani msitu ukatwe wagawiwe mashamba, na hawakukosa sababu: uliwaletea tembo na nyani, haukuwaletea fedha. Mwaka 1993 ukaanzishwa pale Gede mradi wa Kipepeo. Wakulima hufuga viwavi kwa majani ya mimea ya msituni, na viwavi wakishageuka pupa, huuzwa na kusafirishwa kwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Mti ukikatwa, kiwavi hana chakula na mfugaji hana mauzo. Msafiri anaweza kuingia katika banda la maonyesho, palepale kwenye lango la magofu ya Gede, mji wa Waswahili ulioachwa katika karne ya 17 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Kima wanaorukaruka juu ya kuta za msikiti wa kale huonekana bila malipo ya ziada.

Ghuba ya Mida ni ya watu wenye subira. Wenyeji hapo wana daraja jembamba la kamba na mbao linalopita kati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Sehemu ya ada inayolipwa hapo huenda katika mpango ulioanza mwaka 2001 wa kuwalipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazoishi kando ya ghuba na msitu. Maji yakitoka, matope hujaa ndege. Miezi ya kaskazi hukusanyika kwa mamia ndege mmoja mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene, anayekula kaa. Yeye hutoka pwani za Uarabuni, Oman ikiwamo, ambako hutaga yai lake ndani ya shimo alilochimba mchangani na kuliachia joto la ardhi kusaidia kuliatamia. Bahari anayoivuka ni ileile iliyovukwa na majahazi kwa karne nyingi, na anapotua Mida anakuta watu wenye majina ya ukoo yanayopatikana kwenye pwani zote mbili.

Lakini aliyefika Watamu amefika kwa ajili ya kasa.

Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Watamu ilitangazwa mwaka 1968, pamoja na ile ya Malindi, zikiwa miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Ndani yake uvuvi umekatazwa kabisa. Ni rahisi kusifu uamuzi huo ukiwa ndani ya mashua yenye sakafu ya kioo. Kwa mvuvi maana yake ilikuwa kwamba maji aliyovua babu yake yamefungwa, na yeye aende mbali zaidi kwa ngalawa ileile. Kila anayewafurahia samaki wa rangi wanaozunguka matumbawe ya Watamu, yale yaliyonusurika joto kali la bahari la mwaka 1998 na yale yaliyoota upya baadaye, anakula jasho la watu hao.

Nje ya mipaka ya hifadhi wavuvi hutandaza nyavu zao, na kasa hunasa. Kasa hupumua hewa kama binadamu. Akizuiwa chini ya maji kwa muda mrefu, hufa. Zamani hata aliyepandishwa akiwa hai hakurudi baharini: nyama ililiwa na mafuta yakawekwa dawa. Mwaka 1997 likaanza shirika ambalo leo linaitwa Local Ocean Conservation, na mwaka uliofuata likaingia katika mapatano na wavuvi. Mvuvi akimkuta kasa kwenye wavu wake hutoa taarifa, siku hizi kwa simu. Watu wa shirika huja ufukweni, humpima kasa, humvisha kibati chenye namba, humpeleka kwenye zahanati yao kama ameumia, la sivyo humrudisha majini ndani ya hifadhi. Mvuvi hupewa fedha kidogo za kufidia muda na usumbufu. Kwa njia hiyo kasa zaidi ya 20,000 wamerudishwa baharini.

Idadi hiyo inastahili kufikiriwa polepole. Kasa kijani aliyekomaa huweza kupita kilo 150, na alichopewa mvuvi hakikaribii bei ambayo nyama ile ingepata kwa siri. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda kasa, ni kweli, lakini usiku baharini hakuna askari. Kuna mtu mwenye njaa nyumbani, wavu uliochanika, na mnyama aliyechoka. Zaidi ya mara 20,000, mtu wa namna hiyo ameamua kupiga simu. Wapo wanaotuzwa medali kwa machache kuliko hayo.

Kwenye zahanati ya kasa msafiri hukuta wanaoelea wasiweze kuzama, kwa kuwa plastiki waliyoimeza imewajaza gesi tumboni. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika hifadhi. Ufukwe wa Watamu bado huokotwa takataka kila siku, kwa sababu bahari huleta za mbali. Adui mwingine ni taa. Jike hupanda usiku, hutaga mayai zaidi ya 100 mchangani, na baada ya kiasi cha miezi miwili vifaranga hutoka na kufuata mwanga, ambao tangu zamani ulikuwa wa upeo wa bahari. Nyumba ya fahari ikiwasha taa zake kuelekea ufukweni, vifaranga huelekea bustanini na kufia huko. Kuzima taa ni jambo dogo mno kulinganisha na lile linalofanywa na mvuvi, na kutolifanya ni aibu.

Kuanzia Julai hadi Septemba hupita nyangumi wenye nundu, wakitoka Antaktika kuja kuzaa na kulea kwenye maji ya joto. Huo ni msimu wa kusi, bahari ni chafu, na nahodha mwenye busara huahirisha safari. Msafiri aliyekuja kwa basi ana bahati ya kutofungwa na ratiba ya hoteli: anaweza kungoja siku mbili tatu, akala wali wa nazi na samaki wa kupaka, akawasikiliza wazee wakibishana kuhusu upepo. Pomboo huonekana kwa urahisi zaidi, na hapo ndipo tabia za wageni hupimwa. Wapo wanaomshurutisha nahodha awafukuzie pomboo ili wapate picha. Wapo wanaomtoa kiti cha pweza majini akauke mikononi mwao. Wapo wanaobishana ada ya mwongozaji hadi ibaki ya kununulia soda, kisha wakajisifu kwamba wamesafiri kwa bei nafuu. Unafuu wa namna hiyo ni dhuluma, hata mwenye kuufanya awe mwananchi mwenye kipato kidogo.

Katika kaunti hiyohiyo ya Kilifi, Ganze na Kaloleni, wamo watoto ambao hawajawahi kumwona kasa aliye hai, na Watamu kwao si mbali. Mwalimu mkuu akodishe basi. Mzazi mwenye watoto wawili atenge fedha za sare moja ya sikukuu, awapeleke, amlipe mwongozaji ada yake yote, kisha amtafute mvuvi mmoja aliyewahi kupiga simu ile na kumwomba awasimulie watoto. Nyangumi watakuwapo hadi mwisho wa Septemba. Ndege wa Mida watakuwa wameanza kufika.