Presha ya Maji Ni ya Nani?

Vinyunyizio vya bustani vinapoanza kutema maji kwa unyonge, nyasi za pembeni zikabaki kavu, mwenye nyumba hujiuliza atapataje presha zaidi. Swali hilo ni halali, ila lina jingine linalolitangulia: presha hiyo ni ya nani? Nashikilia kwamba presha ya bomba la mtaa ni mali ya pamoja ya majirani, na anayejivutia kwa nguvu ameingia katika haki ya jirani, hata kama hadaiwi bili.

Ushahidi wa kwanza umo ndani ya bomba lenyewe. Funga koki zote usome geji. Kisha fungulia vinyunyizio uisome tena. Ikiwa mwanzo presha ilikuwa nzuri na sasa imeporomoka, mara nyingi kasoro iko ndani ya ua: chujio limeziba, valvu haijafunguka yote, bomba linavuja chini ya udongo, au vinyunyizio vilivyofungwa kwenye laini moja vimezidi. Maji yanayopita katika bomba lile lile yakiongezeka maradufu, presha inayopotea kwa msuguano hukaribia mara nne. Kanuni hiyo haiishii getini. Kadiri nyumba za mwanzo zinavyovuta, ndivyo za mwisho wa laini zinavyobaki na matone.

Fikra ya Kiislamu ililikabili jambo hili kabla ya mabomba. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Zubeir bin Awwam, sahaba wa Mtume Muhammad, na mtu wa Madina waligombania maji ya mfereji. Hukumu ya Mtume ilimpa mwenye shamba la juu haki ya kutangulia, lakini ikaiwekea kikomo: akishamwagilia, maji yaende kwa jirani. Huko Oman, kwenye mifereji ya falaj, maji ya kunywa huchotwa kwanza, mashamba hufuata, na kila mwenye fungu humwagilia kwa zamu inayopimwa kwa muda. Kwa mizani hiyo, nyasi za mapambo haziwezi kuitangulia ndoo ya jirani.

Atasema mtu: nimelipia maji yangu. Kweli, lakini mita huhesabu ujazo uliopita. Hakuna bili inayomuuzia mtu presha ya mtaa mzima. Mwingine atasema kosa ni la mamlaka ya maji, inayoacha mabomba yakivuja. Lawama hiyo ni ya haki na idaiwe, lakini uzembe wa mamlaka haumpi mtu ruhusa ya kumdhulumu mwenzake. Isitoshe, pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba kuu inaweza kuvuta maji machafu ya ardhini kupitia nyufa za mabomba hayo hayo yanayovuja, na hapo madhara huwafikia wasiohusika kabisa.

Basi kabla ya kununua pampu, safisha chujio, ziba panapovuja, na mwagilia upande mmoja baada ya mwingine alfajiri, watu wengi wakiwa hawajafungua koki. Ikibidi pampu, tangi lijae polepole usiku kwa presha ya kawaida, kisha pampu ivute humo. Kinyume cha hapo ni dhuluma, hata kama bustani itapendeza.